Ukuta wa Chumba cha Kona

24 Juni

Daftari hili mgeni aliliacha chini ya kitanda, halina hata mstari mmoja ulioandikwa, na kwa sheria za nyumba hii kinachobaki chini ya kitanda ni cha anayefagia. Anayefagia ni mimi. Anayekaanga mayai ni mimi, anayebeba masanduku ni mimi, anayechekacheka wageni wakiuliza kama nyumba ina mizimu ni mimi pia. Kwa hiyo ijulikane mapema: mwandishi ni Delfino Archuleta, miaka kumi na minane, sura nzuri, aliyeachana na shule kwa amani darasa la kumi baada ya shule kushindwa kumwingiza aljebra kichwani.

Nyumba ni ya Bibi yangu, Librada. Vyumba vinne, malazi na kifungua kinywa, jirani na kanisa la San Miguel. Santa Fe yote watu wanajenga nyumba mpya na kuzilazimisha zionekane kuukuu. Yetu ni kuukuu kwelikweli, matofali ya udongo mtupu, kuta nene kuliko urefu wa mkono wangu.

Leo ni sikukuu ya San Juan, na ng'ambo ya kichochoro Bibi Eufemia anakandika nyumba yake, maana mvua za Julai zinakuja. Huyu ni dada wa marehemu babu, yaani wifi ya Bibi, na wanapendana kama paka wawili ndani ya gunia moja. Kapandisha sketi, anakanyaga tope na mabua ya ngano, halafu analipaka ukutani kwa viganja vitupu. Umri huo!

Bibi alikuwa dirishani na kahawa yake.

"Mtazame," akasema, kwa sauti ya kutaka isikike. "Bibi mzima anacheza matope."

"Tope langu liko nje, Librada," Bibi Eufemia akajibu bila kugeuka. "Lako umelivalisha koti ili watu wasilione."

Ugomvi wenyewe ni huo. Zamani Bibi naye alikandika nyumba hii kila mwaka, bibi harusi mgeni, chini ya amri ya mama mkwe na wifi, hadi viganja vikapasuka akashindwa kukanda unga. Mama mkwe alipokufa, Bibi alimwita fundi akaipiga nyumba nzima lipu ya saruji, rangi ya waridi, juu mpaka chini. Bibi Eufemia alisimama kichochoroni akamwambia ameitia nyumba kwenye mfuko na itakosa hewa. Hiyo ilikuwa kabla mama yangu hajaolewa. Hadi leo hakuna aliyevuka kichochoro.

27 Juni

Joto. Wageni wawili wa Dallas walilalamika kwamba pilipili inawasha. Nikawapa pole.

3 Julai

Bwana Tuttle kawasili kutoka Iowa. Huja kila kiangazi kwa ajili ya opera na hukaa msimu mzima, mjane, mrefu kama mlingoti, soksi ndani ya ndala. Hulala Chumba cha Kona tu, si kingine. Wengine wakikiwahi chumba hicho, yeye hulala hoteli akisubiri kiachiwe.

"Nyekundu au kijani?" nikamuuliza nikimwekea mayai, maana hilo ndilo swali la mji huu, pilipili ipi.

"Krismasi," akajibu, yaani zote mbili, halafu akatazama kama nimevutiwa.

"Mzee, ukiendelea hivi tutakupa uraia."

"Nimekuja mara nyingi kuliko umri wako, kijana. Uraia ninao, ninachosubiri ni mayai."

Kanishinda hapo. Lakini akiwa bafuni anaimba, na hapo hanishindi, hapo ananitesa.

6 Julai

Mvua ya kwanza. Kama kawaida yake: asubuhi mbingu safi, baada ya chakula cha mchana mlima unavaa nyeusi, saa moja baadaye kichochoro ni mto.

Mlizamu wa paa juu ya Chumba cha Kona umepinda. Badala ya kutema maji mbali unayamwaga kwenye ukuta. Nilipanda kuunyoosha, na nikiwa juu ya ngazi nikaona ufa kwenye saruji, mrefu, unashuka hadi karibu na ardhi. Nikagonga kwa kidole. Mahali pengine panasema ko, ko. Pale panasema bu, bu, kama ngoma.

7 Julai

Nimemwambia Bibi.

"Paka rangi," akasema.

"Bibi, sio rangi. Ndani pana uwazi."

"Ndani ya kichwa chako ndipo pana uwazi. Paka rangi."

Nimepaka rangi. Vizuri sana, nikiri. Ukuta unapendeza kuliko wewe unayesoma hapa.

8 Julai

Mvua.

9 Julai

Mvua.

11 Julai

Mvua. Bwana Tuttle kaimba tangu asubuhi. Sijui kipi kitauangusha ukuta kwanza, mvua au yeye.

15 Julai

Nilikuwa na mzaha hapo juu. Leo sina.

Rangi yangu imevimba chini ya ufa, malengelenge makubwa kama ya mtu aliyetembea na kiatu kibovu. Nikatoboa moja kwa kisu cha jikoni, maji yakanitiririkia kifundo cha mkono. Nikaingiza kisu kwenye ufa nikitarajia kigonge tofali. Hakikugonga kitu. Kiliingia mpaka mpini, laini, kama kwenye uji uliopoa. Nilipokichomoa kilikuwa na tope hadi juu.

"Unapika nini hapo, we kitoto cha Librada?"

Bibi Eufemia, amesimama mlangoni pake na ufagio.

Nikamwonyesha kisu. Akaacha kutabasamu.

"Pale chini panapokutana na ardhi, pamevimba?"

"Kidogo."

"Kidogo ndiyo mbaya. Sikiliza. Ukuta wa udongo ukilowa, ukiachwa wazi, jua linakausha na ukibomoka unauona, unakandika unaendelea na maisha yako. Wa kwako ukilowa hauna pa kutokea. Unakunywa, unakunywa. Tofali zinakuwa tope na kinachosimamisha nyumba ni lile gamba la nje tu. Hautakuambia. Siku moja utakaa chini kama mtu aliyechoka."

"Nifanye nini?"

"Boriti za paa zishikiliwe na nguzo kutoka ndani. Halafu saruji ivunjwe kuanzia chini, pole pole, ukuta upumue." Akaanza kufagia mahali palipo safi. "Na usimwambie nimesema mimi."

16 Julai

Nikamwambia Bibi kila kitu, isipokuwa nani kasema. Nilitumia neno "upumue". Kosa langu.

"Upumue?" Bibi akaweka chini bakuli la unga. "Hilo neno la nani?"

"La kwangu."

"Wewe neno lako ni 'njaa'. Umeongea na yule."

"Bibi, kisu kimeingia mpaka mpini!"

"Miaka yote hii kasubiri ukuta wangu uanguke. Sasa kampata mjinga wa kuuangusha kwa sururu, halafu aseme, si nilisema? Yeyote atakayegusa lipu yangu, hata akiwa damu yangu, atalala kituo cha basi. Umenielewa?"

Nimemuelewa. Wiki ya soko kubwa la Agosti nyumba yote imejaa watu waliolipia tangu majira ya baridi. Kufunga chumba kizuri kuliko vyote si jambo dogo. Lakini sio soko linalomzuia. Nilimtazama mikono ikirudi kwenye unga. Mimi nilikuwa nikidhani Bibi haogopi kitu chini ya mbingu. Kumbe anaogopa kicheko cha mtu mmoja ng'ambo ya kichochoro.

19 Julai

Mvua ya mawe jana, leo mvua ya kawaida. Niliingia Chumba cha Kona kubadili mashuka, nikakuta kitanda kimesogezwa. Kilikuwa kimegusana na ukuta ule, sasa kiko katikati ya chumba kama jeneza linasubiri padri.

Bwana Tuttle alikuwa anasoma kitini.

"Mzee, umehamisha kitanda."

"Hewa nzuri zaidi hapa."

"Hewa hiyo ina tope?"

Akafunga kitabu. Akaniangalia bila utani wowote, na mimi nikagundua sijawahi kumwona bila utani.

"Mke wangu aliupenda ukuta huu," akasema. "Alikuwa akiegemeza mgongo hapo baada ya kutembea, anasema una baridi ya mtungi. Mwaka huu nimegusa, baridi hiyo siyo. Naona, kijana. Sijasema kwa sababu bibi yako hunipa ufunguo kila mwaka kama ananipa kitu cha thamani. Nitamwambiaje kwamba kimeoza?"

"Basi hama."

"Nikihama atajua kwa nini."

Nilitoka hapo nimewakasirikia wazee wote duniani. Mmoja anajivuna, mwingine ana adabu, na katikati yao ukuta unakunywa maji.

22 Julai

Nataka kuandika hili kama lilivyokuwa, hata lisiponipendeza.

Kifungua kinywa. Wageni wote mezani, wale wapya kutoka Ohio, Bwana Tuttle, mimi na kikaango. Mama wa Ohio akauliza kwa upole kama kuna chumba chochote kinachonuka udongo wenye maji, maana amesikia harufu koridoni.

"Ni harufu ya historia," Bibi akasema. Wakacheka.

Mimi sikucheka. Nikasema, kwa sauti kubwa, "Ni Chumba cha Kona. Ukuta umeoza na Bwana Tuttle atafia humo."

Bibi akageuka.

"Huo ukuta," akasema taratibu, "utawazika wote mlioko hapa mezani na bado utasimama."

"Kama ni mzima hivyo, kalale wewe!"

Nilijiona shujaa kweli. Dakika nzima nilijiona shujaa. Nilidhani nimembana pembeni, atakubali sasa, mbele ya watu.

Bibi akavua aproni, akaikunja mara nne, akaiweka juu ya kiti.

"Bwana Tuttle, naomba radhi kwa mjukuu wangu. Kuanzia leo utalala chumbani kwangu, kina dirisha la bustani. Na mimi nitalala Chumba cha Kona." Akanitazama. "Beba mto wangu, Delfino."

Nikabeba. Ndivyo nilivyomtoa mgeni chini ya ukuta nikamweka bibi yangu.

23 Julai

Mvua.

24 Julai

Mvua. Kila mchana Bibi hulala usingizi wake wa baada ya chakula, na kila mchana ndipo mbingu zinapofunguka. Kasogeza kitanda kikagusa tena ukuta. Makusudi.

Nimetengeneza mlizamu mara ya tatu. Nimeweka plastiki juu ya ufa, kaing'oa.

26 Julai

Nimempigia mama simu Albuquerque, zamu yake hospitalini haiishi. "Mwache, atachoka mwenyewe," anasema. Hajaona mama yake akichoka, sijui anamzungumzia nani.

30 Julai

Mlango wa Chumba cha Kona haufungi. Juu unagusa fremu, chini una upenyo.

"Mbao zinavimba wakati wa mvua," Bibi anasema.

Ni kweli, zinavimba. Hilo ndilo linanitia wazimu. Kila kitu kina maelezo yake. Mlango, mbao. Harufu, historia. Ufa, rangi mbaya. Nimeuparua mlango kwa randa mpaka ukafunga. Jioni hii hii umegoma tena, na mbao haivimbi upesi hivyo.

2 Agosti

Hakuna mvua leo! Jua! Wageni wakatoka na kofia zao. Mimi nikaenda kugonga ukuta. Bu, bu. Juu zaidi ya mwanzo.

4 Agosti

Nilimkuta Bibi akifagia shuka lake la kitanda kwa kiganja, haraka haraka. Alipoona nipo mlangoni akakalia alipokuwa anafagia.

"Unataka nini?"

"Hakuna."

Alipoinuka kwenda jikoni nilitazama. Mchanga. Kiasi cha kujaza kikombe.

Kwa hiyo anajua. Anajua kama ninavyojua mimi, na analala humo. Nilikuwa nikimwona mkaidi. Sasa nikimtazama akimimina kahawa, mgongo umenyooka, naona mtu aliyepanda juu sana ya ngazi na hajui namna ya kushuka wakati watu wanatazama. Na ngazi niliileta mimi.

7 Agosti

Bibi Eufemia kavuka kichochoro. Nimeona kwa macho yangu. Alifika mpaka geti letu, hakuingia, akashika nguzo ya geti.

"Librada! Toka humo chumbani."

Bibi akatokea barazani. "Nani kakuita?"

"Hakuna. Nimekuja mwenyewe."

"Umekuja kuangalia kama umeshinda?"

"Sijaja kushindana, mwanamke. Nimeshazika kaka yangu, nimezika mama yangu. Unataka nikuzike na wewe, nibaki nagombana na nani?"

Nilidhani itafaa. Kweli nilidhani. Bibi midomo ilitetemeka kidogo. Kisha akaona watu wa Ohio wamesimama nyuma yangu na kamera, wanatazama kama ni tamasha.

"Funga geti ukitoka," akasema, akaingia Chumba cha Kona, akavuta mlango kwa mikono miwili mpaka ukaingia kwa nguvu.

Bibi Eufemia akafunga geti. Alipopita akanishika sikio, si kwa kuumiza. "Wewe ndiye mwenye mdomo mkubwa," akanong'ona. "Ule uliomwingiza humo. Utafute wa kumtoa."

8 Agosti

Mdomo hauna kitu. Nimejaribu kuomba radhi, akasema amesamehe, akaenda kulala.

9 Agosti

Leo mlima ulivaa nyeusi kabla ya chakula cha mchana. Mbwa wa kichochoro wote wakawa kimya. Bwana Tuttle hakwenda opera, alikaa barazani na koti lake la mvua akitazama ufa kama mtu anayemlinda mgonjwa.

Bibi akala, akaosha kikombe chake, akaenda kulala. Mvua ikaanza akiwa koridoni. Haikuwa matone. Ilishuka yote kwa pamoja, na mlizamu ukazidiwa, na kutoka barazani nikaona maji yakiuteremkia ukuta wote kama pazia.

"Kijana," Bwana Tuttle akasema.

Mimi sijui kama lilikuwa wazo. Miguu ilitangulia. Nilikwenda chumbani kwangu, nikaviringisha godoro, nikalibeba kichwani, nikausukuma ule mlango kwa bega mpaka ukakubali.

Bibi alikuwa amelala chali, macho wazi, rozari mkononi.

"Nini hicho?"

"Godoro."

"Naona ni godoro. La nini?"

Nikavuta kitanda chake, yeye akiwa juu yake, mzito kuliko nilivyodhani, mpaka kikaachana na ukuta. Nikalitandaza godoro langu katika ule upenyo, nikalala, mgongo umegusa ukuta. Ulikuwa baridi na umelowa, na ndani yake, naapa, kulikuwa na kitu kinatiririka. Nilisikia kwa mbavu.

"Delfino, toka hapo."

"Nina usingizi."

"Toka nimesema!"

"Ukuta ni mzima, Bibi. Utatuzika wote na bado utasimama. Si ulisema? Mimi nakuamini. Nimeamua kuanzia leo kukuamini."

"Usinifanyie mzaha."

"Sifanyi." Na kweli sikuwa nafanya. Meno yalikuwa yanagongana, nikayabana asisikie.

Tope likadondoka shingoni mwangu. Donge dogo. Halafu jingine. Nikafumba macho. Nilimsikia akikaa kitandani, nikasikia miguu yake ikigusa sakafu. Akainama juu yangu, akapitisha mkono, akaweka kiganja ukutani. Nadhani hakuwa ameugusa ukuta wa nyumba yake tangu siku ile ya fundi wa saruji. Alikaza kiganja, na vidole vikazama.

Vidole vilibaki mle ndani muda mrefu, kama mtu anayetafuta pete kwenye unga.

"Mama mkwe alikuwa akinifundisha," akasema, sauti ndogo ambayo siijui. "Ukikandika, unasikiliza kwa kiganja. Mimi nilichukia. Nilichukia kila siku ya Mungu."

"Najua, Bibi."

"Hujui kitu. Inuka."

"Na wewe?"

"Na mimi."

"Useme tena."

"Na mimi, mbwa wewe, na mimi! Inuka kabla sijakuvuta kwa nywele!"

Tulitoka tumeshikana, yeye kanishika mimi au mimi nimemshika yeye, sijui. Bwana Tuttle alikuwa koridoni na kiti mkononi, amekiinua tayari kuvunja mlango. Mlango ulikuwa wazi. Hatukumcheka.

10 Agosti

Asubuhi, jua, mbingu imeoshwa. Bibi alisimama katikati ya kichochoro na viatu vyake vya kanisani na kuita, mji mzima usikie:

"Wifi! Eufemia! Njoo uangalie ukuta wangu!"

Alikuja na nguzo nne za msonobari ambazo zilikuwa zimelala nyuma ya nyumba yake, zimekatwa kwa kimo sawasawa. Sikuuliza zilikatwa lini. Mimi na Bwana Tuttle tuliziegemeza ndani, chini ya boriti, tukakaza kwa kabari. Mzee ana nguvu, nimefuta nilichoandika kuhusu soksi zake. Wageni wote tukawapeleka barazani na mayai yao.

Bibi akachukua sururu mwenyewe. Nilitaka kuipokea, akanisukuma kwa kiwiko. Pigo la kwanza chini kabisa, saruji ikapasuka, na maji yakatoka kama tumetoboa kiriba. Pigo la pili. Kipande kikubwa cha waridi kikaachia. Nyuma yake hapakuwa na tofali hata moja, tope tupu, la kahawia, linang'aa.

"Rudini nyuma," Bibi Eufemia akasema.

Tukarudi. Hakukuwa na kelele. Kona nzima ilishuka taratibu, gamba la waridi likakunjamana juu yake, na tope likatandazika mpaka katikati ya kichochoro. Paa lilikaa juu ya zile nguzo nne. Kutoka mtaani ungeona kitanda cha Bibi, shuka limetandikwa, na godoro langu pembeni yake limefunikwa kabisa.

Mama wa Ohio alishusha kamera mwenyewe. Mimi nilimtazama Bibi Eufemia, sote tulimtazama, maana sentensi yake, ile ya "si nilisema?", ilikuwa tayari tangu kabla sijazaliwa na hakuna mtu duniani angemkatalia kuisema. Bibi alisimama na sururu akiisubiri, kidevu juu.

Bibi Eufemia akaenda mpaka kwenye lile rundo. Akainama, akachota tope, akalisugua katikati ya vidole, akalinusa.

"Udongo wenyewe bado mzuri," akasema. "Tofali utatoa hapa hapa."

Bibi alishika bega langu ili asimame vizuri, akavua kiatu kimoja, kisha cha pili, akaingia kwenye tope mpaka vifundoni. Akakanyaga mara mbili tatu kama anajaribu maji ya kuoga.

"Mabua, Delfino," akasema. "Unatazama nini? Kalete mabua."